Masikio Yaliyochomoza: Chanzo Chake na Namna Tunavyoyarekebisha

Mzazi anapomleta mtoto kliniki kwa sababu ya masikio yaliyochomoza, mimi kama daktari wa upasuaji huanza kwa kulisukuma sikio taratibu kuelekea kichwani na kutazama ni sehemu gani inayokataa kulala, kwa kuwa masikio yanayofanana kwa mbali huweza kuwa yamechomoza kwa sababu tofauti kabisa.

Kwa kawaida ukingo wa sikio hukaa takriban sentimita 1.5 hadi 2 kutoka kichwani. Ukizidi hapo, mara nyingi gegedu, yaani tishu ngumu inayonyumbulika inayolipa sikio umbo, halikujikunja vya kutosha kabla ya mtoto kuzaliwa, au bakuli linalozunguka tundu la sikio lina kina kupita kiasi, na wengine wana yote mawili. Hali hii hurithiwa katika familia nyingi, wala haipunguzi usikivu.

Gegedu la mtoto mchanga bado ni laini kutokana na homoni ya estrojeni aliyoipata kwa mama, hivyo kifaa cha kuliumba sikio kikibandikwa katika majuma ya kwanza huweza kumwepusha na kisu. Baadaye gegedu hukakamaa, na kumfunga kitambaa mtoto wa miaka 3 ni kumsumbua bure.

Upasuaji mimi huufanya kuanzia miaka 5 au 6, sikio likiwa limekaribia ukubwa wa utu uzima, na hupendelea mtoto mwenyewe awe ameridhia. Hupasua nyuma ya sikio. Mkunjo uliokosekana huujenga kwa nyuzi za kudumu, mbinu aliyoieleza daktari wa upasuaji Mustardé mwaka 1963. Bakuli lenye kina hulivuta na kulishonea kwenye utando wa mfupa ulio nyuma ya sikio, kama alivyoeleza mpasuaji mwingine, Furnas, mwaka 1968. Anayevuta sehemu ya katikati ya sikio tu huacha sehemu ya juu na ya chini zimechomoza, na kwangu sura hiyo ni mbaya kuliko ile ya awali.

Kwa wagonjwa wetu wenye ngozi nyeusi, mimi huuliza mapema kama kutoga masikio kuliwahi kuacha kovu lililovimba na kuota, yaani keloidi. Jibu likiwa ndiyo, huwa mzito kushika kisu. Baada ya upasuaji, maumivu yanayozidi upande mmoja hayatulizwi kwa dawa tu: bendeji ifunguliwe siku hiyo hiyo, kwani damu iliyovilia huweza kuharibu gegedu.