Je, wajua kwa nini kampuni mbili za reli Marekani zilipishana badala ya kukutana?

Hii ilitokea Utah, mwanzoni mwa mwaka 1869. Reli ya kwanza kuvuka Marekani ilikuwa inajengwa na kampuni mbili, Union Pacific inatokea Omaha inakuja magharibi, Central Pacific inatokea Sacramento inaenda mashariki, sasa zilipokaribiana wale vibarua wa mbele wanaochonga na kusawazisha tuta la kulazia vyuma vya reli wakaonana kabisa kwa macho, wakapitana, kila upande ukaendelea na safari yake! Vyuma vilikuwa bado viko nyuma, ila matuta yakawa mawili, yanakwenda sambamba zaidi ya maili 200.

Sababu ni hela tu. Sheria aliyosaini Rais Lincoln mwaka 1862 ilisema serikali itazikopesha kampuni kwa kila maili, dola 16,000 kwenye tambarare, 48,000 milimani, na ardhi ya bure juu yake. Mwaka 1866 Central Pacific wakaruhusiwa kusonga mashariki mpaka wakutane na wenzao, lakini wakutane wapi? Bunge halikusema. Sasa mtu unamlipa kwa urefu halafu humwambii aishie wapi, atasimama kweli?

Na michezo ilishaanza zamani. Mtaalamu wa miamba wa jimbo la California alisema milima ya Sierra Nevada inaanzia Arcade Creek, maili 7 tu kutoka Sacramento, mahali ambapo hakuna hata kilima, na Lincoln akapitisha, basi tambarare ikaanza kulipwa bei ya mlima. Union Pacific nao wakaikunja njia pale Omaha, zikaongezeka maili 9.

Kinachoniuma zaidi ni vibarua. Central Pacific walitegemea maelfu ya Wachina, ndo waliotoboa mwamba wa Sierra kwa nyundo na baruti, kuna sehemu siku nzima wanasogea kama futi moja hivi, na chakula wanajinunulia wenyewe wakati wazungu wanapewa. Juni 1867 wakagoma, wanataka mshahara sawa na masaa yapungue. Kampuni inaona Union Pacific wanakimbia tambarare wanazimeza maili, ikawakatia chakula mpaka wakarudi kazini.

Karibu na Promontory, hukohuko Utah, kuna korongo ambalo Central Pacific walilijaza udongo na mawe, kimo futi 170, na pembeni yake kabisa Union Pacific wakasimamisha daraja lao la mbao. Korongo hilohilo moja! Daraja lilitumika muda mfupi tu likaachwa.

Aprili 1869 ndo Bunge likaidhinisha Promontory iwe sehemu ya kukutana, na tarehe 10 Mei vyuma vikaungana. Union Pacific walikuwa wameshatandika mpaka hapo, kwa hiyo kipande cha kutoka karibu na mji wa Ogden hadi Promontory wakawauzia Central Pacific.