Kesi ya nyani, hakimu ngedere? Yasemwayo Dodoma kuhusu kupinga Serikali kufuatilia simu

Kaa kijiwe chochote cha kahawa pale Majengo, utaje kesi ya kupinga Serikali kufuatilia mawasiliano ya watu. Hujamaliza sentensi umeshajibiwa: kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Mei 2024 ngedere huyo, yaani Mahakama Kuu, alikubaliana na mwanasheria Tito Magoti kwamba baadhi ya vifungu vya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi vina utata, akaipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Magoti hakushinda yote, lakini hakutoka mikono mitupu. Na sheria yenyewe ilipitishwa hapa hapa Dodoma mwaka 2022.

“Katiba imesema simu yangu ni siri, basi.” Nusu kweli. Ibara ya 16 inalinda mawasiliano binafsi, kisha inaruhusu sheria iweke utaratibu wa kuyaingilia. Kwa hiyo mabishano mahakamani huwa juu ya utaratibu huo: upo? Unaeleweka? Nani anauzuia usitumike ovyo?

“Lete kwanza ushahidi kwamba ni wewe unayesikilizwa.” Hapa ndipo penye kazi. Anayesikilizwa kwa siri atajuaje? Februari 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa kesi ya shirika la haki za binadamu la Amnesty International na wenzake, waliopinga ufuatiliaji wa mawasiliano, kwa sababu hiyo ya kukosa ushahidi, majaji watano dhidi ya wanne. Miezi michache baadaye Edward Snowden, aliyefanyia kazi ujasusi wa Marekani, akamwaga hadharani nyaraka za ufuatiliaji wenyewe! Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikwenda kinyume mwaka 2015, kesi ya Roman Zakharov dhidi ya Urusi: kama sheria inaweza kumgusa yeyote mwenye simu, na nyumbani hakuna pa kulalamikia pa maana, huhitaji kuthibitisha kwamba ulisikilizwa. Kwetu, mwaka 2020 Bunge liliongeza sharti la mlalamikaji kuonyesha kwa kiapo alivyoathirika yeye binafsi. Sharti hilo nalo likapelekwa mahakamani.

“Nikishindwa nakwenda Arusha.” Arusha ipi? Mahakama ya Afrika: Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kuifikia moja kwa moja. Mahakama ya Afrika Mashariki, mji ule ule, bado inampokea, ila ndani ya miezi miwili tangu kitendo kitokee au tangu akijue. Anayesubiri amalize rufaa za nyumbani huwa ameshachelewa.