Usiilaumu dozi kabla hujaangalia saa

"Daktari, ile dawa ya ADHD inaninyima usingizi, kwa hiyo nimeiacha." Wiki hii nimeisikia tena, na inaniuma, maana watu wazima wenye ADHD, hali inayomfanya mtu apate shida kushika umakini na kutulia, wanaacha dawa inayowasaidia kazini bila kujiuliza swali moja: kabla ya kuianza, ulikuwa unalala saa ngapi?

Nikiwabana, wengi hujibu saa nane, saa tisa usiku, tangu sekondari. ADHD yenyewe huchelewesha usingizi. Kwa wengi wenye hali hii, melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umeingia, huchelewa kupanda. Dawa imelikuta tatizo hilo pale pale.

Sisemi dawa haina hatia. Vichangamshi, ambavyo ndizo dawa za ADHD ninazozungumzia hapa, vinanyima watu usingizi, hilo halina ubishi. Ila piga hesabu. Ritalin ya kawaida hufanya kazi kwa saa 3 hadi 4, Concerta hukaribia saa 12, na Vyvanse inaweza kufika 14. Mgonjwa mmoja alikuwa anameza Concerta saa tano asubuhi, kwa sababu ndipo anapoamka, kwa sababu amelala saa tisa usiku. Saa nne usiku dawa bado inafanya kazi! Dozi ilikuwa sawa, muda ndio ulikuwa mbaya. Tukaweka kidonge na glasi ya maji kando ya kitanda, na kengele ya simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anameza kizima, anajilaza tena, na dawa yenyewe inamsaidia kuamka.

Kinachoniudhi zaidi, hata kwa madaktari wenzangu, ni kudhani kuwa kila anayekesha bado ana dawa mwilini. Wengine wanakesha kwa sababu dawa imeisha. Jioni mawazo yanarudi kwa kasi, hasira zinakuwa karibu, mguu hautulii, na saa sita usiku mtu anapanga upya kabati la nguo. Huyu ukimpunguzia dozi unaweza kumwongezea tabu. Wapo wanaolala vizuri zaidi wakipewa Ritalin kidogo alasiri. Nani itamtuliza na nani itamkesheza, siwezi kujua kwa kumtazama. Tunajaribu siku ambazo hana kazi kesho yake, tunaona.

Kahawa ya jioni ihesabiwe. Miraa pia: ina kathinoni, ndugu wa karibu wa amfetamini, kundi la vichangamshi ambamo Vyvanse imo, na ukiitafuna juu ya dawa hizi unauongezea moyo na presha mzigo. Piritoni ya kulalia iache kabisa. Inakuacha mzito asubuhi, halafu unaniambia umakini umepotea. Melatonini husaidia baadhi ya watu, kwa dozi ndogo, saa chache kabla ya kulala. Wengi huimeza wakiwa tayari wamezima taa.

Usibadilishe dozi peke yako. Andika kwa wiki moja saa unayomeza, saa unayohisi dawa imeisha, na saa unayolala, kisha mletee daktari wako. Ukikesha siku kadhaa bila kuchoka, mawazo yakikimbia na pesa zikitoka ovyo, usingoje wiki iishe, nenda siku hiyo hiyo. Na kama mwenzako anasema unakoroma na pumzi inakatika usingizini, litaje mapema. Tatizo hilo huvuruga umakini wa mchana hata kwa asiye na ADHD, na kuhamisha saa za vidonge hakutalitibu.