Ukirekodi Redio ya Mtandaoni, Nakala Ni ya Masikio Yako

Sisi tunaoshughulikia hakimiliki nchini Kenya tunapokea malalamiko ya aina mbili. Wanamuziki wanavilalamikia vibanda vinavyojaza nyimbo zilizorekodiwa redioni kwenye flashi na memori kadi kwa malipo. Wananchi nao wanauliza kama watashtakiwa kwa kurekodi kipindi cha asubuhi mtandaoni ili wakisikilize jioni wakirudi nyumbani. Mambo haya hayafanani hata kidogo.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinamruhusu mtu kutengeneza nakala moja ya rekodi ya sauti kwa matumizi yake binafsi. Basi ukirekodi kwa programu ya kompyuta kama VLC, au kwa Streamripper inayozitenganisha nyimbo kwa kufuata majina yanayotumwa pamoja na matangazo, kisha ukaweka kwenye pleya yako, huna kosa. Moja ni moja, lakini: ukishahamisha, futa iliyobaki kwenye kompyuta. Pleya nyingi za zamani husoma MP3 pekee, kwa hiyo matangazo yanayotumwa kwa AAC, muundo mwingine wa faili za sauti, yabadilishwe kwanza kuwa MP3. Saa moja ya kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 58.

Kuna uvumi kwamba anayejirekodia nyumbani atadaiwa tozo. Hapana, hakuna atakayebisha hodi kwako kuidai. Kifungu hichohicho kinasema fidia ya wenye haki hutokana na tozo ya vifaa vya kurekodia, inayolipwa na mtengenezaji au mwagizaji wa kibiashara bidhaa inapotengenezwa au kuingizwa nchini kwa mara ya kwanza. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado uvumi unarudi.

Kuna hoja nyingine mbili tunazosikia kila wiki: "redio imeshalipia" na "nimenunua bando". Malipo ya redio ni ya kutangaza, hayakupi wewe ruhusa ya kuuza. Bando ni biashara yako na kampuni ya simu. Mwanamuziki hamo humo. Wala usidhani redio ya ng'ambo haina mwenyewe, maana Kenya imo tangu 1993 katika Mkataba wa Berne, ambao nchi wanachama hulinda kazi za wasanii wa nchi nyingine.

Ukiuza nakala, ukikodisha au ukiisambaza kibiashara bila idhini, unaingia kifungu cha 38, chenye faini, kifungo, au vyote viwili. Rekodi za kuuzwa zinatakiwa pia kuwa na kibandiko cha kuzuia uharamia chini ya kifungu cha 36. Mkaguzi wa hakimiliki ana mamlaka ya kuingia kwenye eneo la biashara na kuchukua ushahidi, kompyuta ikiwemo, naye ana cheti cha uteuzi. Mwombe akuonyeshe kabla hamjazungumza lolote. Kuvunja kufuli za kidijitali, yaani kinga zinazozuia kunakili, za programu za muziki ni kosa la peke yake, hata kama huuzi.

Mwenye matatu, baa au kinyozi asijifiche nyuma ya nakala binafsi. Kupigia wateja muziki kunahitaji leseni ya shirika la kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye haki za muziki. Mashirika hayo husajiliwa kwa miezi kumi na miwili, kwa hiyo thibitisha kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kwamba unayemlipa amesajiliwa mwaka huu. Risiti ya mwaka jana haitakusaidia.

Anayetaka habari na makala tu hana haja ya kurekodi. DW Kiswahili na RFI Kiswahili huweka vipindi vyao mtandaoni kama podikasti.