Tiger Ingekamatwa Mizani

Nimechoka. Mazungumzo ya vifaru vya Vita Kuu ya Pili yakianza tu, iwe kijiweni Chikongola, hapa Mtwara, au kwenye magrupu ya simu, sentensi ya tatu ni ileile: "Tiger ndiyo baba lao, chuma milimita 100, Sherman tano haziiwezi moja." Tiger ni kifaru cha Wajerumani, Sherman cha Wamarekani. Anayesema hivyo hajajiuliza hicho chuma kinabebwa na nini.

Kazi yangu ni mitambo ya cheni, katapila na ekskaveta. Fundi wa cheni anausoma mtambo kutoka chini kwenda juu: cheni, magurudumu, sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni), fainali, gia boksi, injini. Mzinga na chuma cha mbele vinafuata baadaye, maana mtambo uliolala njiani haujafanya kazi, hata kama ni mzuri kiasi gani.

Tuanze na huo unene, tuumalize haraka. Kama rula ndiyo hakimu, basi mfalme si Tiger. Churchill ya Waingereza, toleo la saba, ilikuwa na milimita 152 mbele. Tiger milimita 100. Mbona simsikii mtu akiisifia Churchill kijiweni? Kwa sababu ni mbaya kwa sura na inatembea kama konokono. Kumbe tunachokipenda si unene, ni sura na jina. Hilo halina ubaya, ila lisemwe hivyo.

Halafu wapo waliosoma kidogo. Hao ndio wanaoniumiza kichwa. Watakwambia T-34 ya Warusi ilikuwa na chuma cha milimita 45 tu, lakini kimelazwa digrii 60 kutoka wima, kwa hiyo "ni sawa na milimita 90". Hesabu yenyewe ni sahihi: 45 gawa kwa 0.5 ni 90. Ukipitisha rula kwa mlalo kwenye bamba lile, itasafiri milimita 90 ndani ya chuma. Lakini risasi ya mzinga si rula. Ikigonga bamba lililolala inaweza kuteleza ikaruka juu, na hapo unafaidi kuliko hesabu inavyosema. Inaweza pia kugeuza pua ikachimba kuelekea ndani, na hapo unapata pungufu. Risasi ikiwa nene kuliko bamba, mlalo unapoteza nguvu yake. Mzinga wa Tiger ni milimita 88, bamba la T-34 ni 45. Risasi ile haiteremki kwa adabu kwenye mteremko, inalivunja bamba lote pale ilipotua. Ongeza ugumu wa chuma. Bamba gumu mno linakatika kama kigae, na hata risasi isipopita, vipande vya upande wa ndani vinawarukia waliomo.

Na mlalo haupatikani bure. Kuta za T-34 zililala pia ubavuni, nafasi ya ndani ikabanwa, matangi ya dizeli yakakaa pembeni ya watu walewale wanaopakia mzinga. Wajerumani wa Tiger, wenye chuma cha wima, waliupata mlalo kwa usukani: geuza kifaru digrii 30 kwa adui, milimita 100 zinakuwa kama 115. Kwa hiyo ukiniuliza 90 ile ni kweli, nitakwambia ni kweli ya darasani. Hata yale majedwali ya "mzinga huu unatoboa hiki kwa mita 1,000" nayashika kwa vidole viwili, maana kila nchi ilipiga mabamba yake yenyewe na ilikuwa na tafsiri yake ya neno "imetoboka".

Sasa uzito. Tiger ilikuwa na tani 57 hivi. Sheria ya barabara zetu inaruhusu gari zima na mzigo wake lisizidi tani 56, na hapo ni lile semi lenye ekseli saba. Yaani Tiger ikipita mizani inapigwa faini kabla haijafyatua risasi moja.

Hapa huwa kuna mtu anadakia: "Kwa uzito huo si ingezama kwenye tope?" La, na hapa naitetea. Kinachozamisha mtambo ni uzito ukiugawa kwa eneo linalogusa ardhi. Tiger: kilo 57,000, cheni mbili za upana wa sentimita 72.5, urefu unaogusa chini kama sentimita 360. Inatoka kilo 1.09 kwa kila sentimita ya mraba. Sherman ya mwanzo: kilo 30,300, cheni za sentimita 42, urefu 373. Inatoka 0.97. Umeona? Sherman ina karibu nusu ya uzito wa Tiger, lakini kwenye tope wanakaribiana, kwa sababu cheni zake ni nyembamba. Ndiyo maana Wamarekani waliongeza vipande vya chuma kwenye ncha za cheni kuipanua, wakaviita midomo ya bata. T-34 yenye cheni za sentimita 50 inashuka hadi kama 0.75, na ndiyo iliyokuwa ikipita matope ya Urusi wakati wengine wanavutwa. Kwa kulinganisha, tairi la fuso lililojazwa upepo wa 100 linakandamiza ardhi kwa kama kilo 7. Masika yakikolea barabara za vumbi za Lindi, hujiulizi tena kwa nini fuso linalala na katapila linapita.

Hesabu hiyo nayo ina uongo wake. Inachukulia cheni inakandamiza sawasawa mwanzo hadi mwisho, wakati uzito halisi unakaa chini ya kila gurudumu na katikati yake cheni inalegea. Wajerumani walilijua hilo, ndiyo maana Tiger ina magurudumu yaliyopandana kama magamba ya samaki, 24 kila upande kwenye matoleo ya kwanza. Uzito ukatawanyika vizuri, kifaru kikatembea laini. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Sasa lifikirie gurudumu la ndani limeharibika na wewe ndiye fundi: unafungua cheni, unatoa la nje, unatoa linalolifunika, ndipo unalifikia lenyewe. Na kule Urusi baridi inapoingia, tope lililojaa katikati ya magurudumu linaganda usiku, asubuhi kifaru hakisogei.

Ukitaka kuisafirisha kwa treni, unavua cheni za sentimita 72.5, unavua safu ya magurudumu ya nje, unavisha cheni nyembamba za sentimita 52, kwa sababu vinginevyo inapitiliza upana wa mzigo unaoruhusiwa relini. Ukifika unarudia yote kinyume. Gia boksi ikifa, turuba la mzinga, kile kichwa kinachozunguka juu ya kifaru, linang'olewa kwanza kwa winchi, maana gia boksi haina njia nyingine ya kutokea. Daraja nalo halijui habari za upana wa cheni, linahesabu tani tu.

Siichukii Tiger. Dereva wake alikuwa na usukani wa duara kama wa gari na gia boksi ya gia nane za kuchagua kabla, wakati dereva wa T-34 alikuwa anagombana na wenzo wa gia, na wengine walikaa na nyundo karibu ya kuugonga. Lakini zilitengenezwa kama 1,350 tu. Sherman zilipita 49,000. Ile "tano kwa moja" inayotajwa kila siku, mimi naona imezaliwa na jambo dogo: kikosi kidogo cha vifaru cha Marekani kilikuwa na vifaru vitano. Tiger moja ikionekana, vilikwenda vitano kwa sababu ndivyo vilivyokuwa vinatembea. Hata kingeonekana kigari cha maziwa vingekwenda vitano. Na vingi walivyoviita Tiger vilikuwa Panzer IV ya Wajerumani haohao, ambayo kwa mbali, ikiwa na mabamba yake ya ubavuni, inafanana nayo.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Hawakuiona Panther, kifaru kingine cha Wajerumani. Ilibuniwa kuwa ya tani 30, ikaongezwa chuma hapa, ikaongezwa pale, ikaishia tani 45. Injini ilifuata, mzinga ulifuata, fainali haikufuata. Kwa asiyejua, fainali ndiyo ile seti ya gia ya mwisho kabla ya sproketi, inayopunguza mizunguko na kuongeza nguvu. Katapila nyingi za leo zina sayari, yaani gia kadhaa ndogo zinazozunguka moja ya katikati, ili mzigo ugawanywe kwa meno mengi kwa wakati mmoja. Panther ilipewa gia za meno yaliyonyooka, jino kwa jino, kwa sababu viwanda havikuwa na mashine za kutosha za kukata gia za aina ile nyingine. Meno machache yakabeba tani 45. Wafaransa waliozitumia baada ya vita waliandika katika ripoti yao ya mwaka 1947 kwamba fainali ilidumu wastani wa kilomita 150. Kutoka Mtwara mjini unafika Lindi, unasogea kidogo, basi.

Fundi yeyote anajua fainali inavyoaga. Unafungua tapu ya chini, oili inatoka. Unga laini wa chuma ulioganda kwenye sumaku si neno. Ukiona vipande vinavyoshikika kwa kucha, jino limeanza kumeguka na lile linalofuata linapigwa kwa mshtuko. Kinachoiua haraka ni kugeuka papo hapo kwenye ardhi inayoshika, cheni moja mbele na nyingine nyuma. Panther iliweza kugeuka hivyo, na wapenzi wake wanaitaja kama sifa. Iliweza, ndiyo. Na fainali ililipa.

Sherman inasingiziwa kwamba iliwaka kwa sababu ya petroli. Tiger ilitumia petroli, Panther petroli, Panzer IV petroli. Kilichowaka hasa ni baruti za risasi zilizopangwa ubavuni. Mwaka 1944 walizishusha sakafuni kwenye masanduku yaliyozungukwa na maji, na uchunguzi wa jeshi la Marekani ukaonyesha vifaru vilivyotobolewa vikawaka vimeshuka kutoka asilimia 60 hadi 80 mpaka asilimia 10 hadi 15. Injini ileile, petroli ileile.

Ninachoipendea mimi ni kwamba ilibuniwa na mtu aliyemfikiria fundi. Springi na magurudumu vimekaa nje katika mafungu matatu kila upande, fungu zima linafunguliwa kwa bolti na kuwekwa jingine. Pua ya mbele inafunguka, gia boksi inatolewa bila kugusa turuba la mzinga. Kasoro zipo. Ile yenye injini ya ndege ya silinda tisa zilizopangwa kama jua, ikilala usiku oili inateremkia silinda za chini. Asubuhi ukipiga stata kwa pupa, pistoni inakutana na oili isiyobonyea, na konrodi inapinda. Dawa yake ni mkono: hendeli nyuma, unazungusha injini taratibu mpaka oili itoke. Asiye na subira alinunua injini mpya.

T-34 nitaipitia mbio kwa kuwa imesifiwa vya kutosha. Kitu kimoja tu kinanifurahisha kila mara: pini za cheni hazikufungwa upande wa ndani. Zilikuwa zinatoka kidogo kidogo kifaru kikitembea, na karibu na sproketi walichomelea bamba la mshazari mwilini, linalozigonga na kuzirudisha kila zinapopita. Hakuna klipu, hakuna nati. Upande wa pili, ile waliyoipeleka Aberdeen kule Marekani kwa majaribio ilikufa injini baada ya kilomita 343, filta ya hewa ikiwa imepitisha vumbi kama chekeche la kunde.

Watu wa Nachingwea wana haki ya kucheka kwenye mada hii. Ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, uliotuachia bandari ya Mtwara na reli iliyong'olewa miaka ya 1960, ulipungukiwa na katapila, na kampuni ya Vickers ikazigeuza Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Hayakufanya vizuri. Kifaru kinavuta mwili wake, kinapumzika, kinakimbia tena. Trekta la kung'oa visiki linavuta mzigo kwa nguvu zote, kwa mwendo wa mtu anayetembea, saa kumi kwa siku. Gia na cheni zilizopangwa kwa kazi ya kwanza haziwi za kazi ya pili kwa kubadilisha bodi. Kila anayefunga injini ya gari dogo kwenye mashine ya kukoboa analijua hili, ila mwaka 1948 hakuulizwa.

Mkinibana nitaje nikipendacho, ni Churchill. Ya kwanza ilikuwa aibu, mpaka kiwanda cha Vauxhall kikatia karatasi ndani ya kitabu cha maelekezo kukiri kasoro zake. Lakini ina magurudumu madogo 11 kila upande, kila moja na springi yake, unaweza kupoteza kadhaa na bado unaenda. Kasi yake ni kilomita 25 kwa saa ikiwa na afya. Aprili 1943 huko Tunisia zilipanda kilima cha Longstop, mahali ambapo Wajerumani hawakutegemea kifaru chochote, kwa gia ya chini, injini ya nguvu farasi 350 ikisukuma tani 39. Anayepajua pale barabara inapopanda kwenda Newala, na akaona lori la korosho likipanda pale kwa gia ya kwanza, ana picha kamili.