Remarque hakuwahi kuitwa Kramer

Hadi leo wapo wanaosema kwamba mwandishi Mjerumani Erich Maria Remarque, aliyechapisha riwaya maarufu ya kupinga vita mwaka 1929, jina lake halisi lilikuwa Kramer, na kwamba mstari wa mbele wa Vita vya Kwanza vya Dunia hakuufikia kamwe. Yote mawili si kweli.

Alizaliwa Osnabrück tarehe 22 Juni 1898, akaandikishwa kwa jina la Erich Paul Remark. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na familia ilikuwa ya Kikatoliki. Sasa andika REMARK kwenye karatasi, kisha usome herufi kutoka nyuma: KRAMER. Uzushi wote umesimama hapo. Wanazi waliueneza ili aonekane Myahudi aliyejificha nyuma ya jina la bandia. Kumbe Remarque ni tahajia ya zamani ya ukoo wake. Yeye aliirudisha tu.

Na vita? Aliitwa jeshini akiwa na miaka 18. Tarehe 31 Julai 1917, huko Flanders, Ubelgiji, vipande vya kombora vilimjeruhi mguu, mkono na shingo, akalazwa hospitali ya Duisburg kwa miezi mingi. Uandishi wa habari aliuanza baada ya hapo.

Mwaka 1933 vitabu vyake vilichomwa moto hadharani. 1938 akavuliwa uraia. Kinachoniuma zaidi ni dada yake, Elfriede, aliyekatwa kichwa Desemba 1943 kwa kusema kwamba Ujerumani imeshashindwa vita.