Pointi za zawadi kwenye gemu: zinaingiaje, zinakombolewaje, na kwa nini wakati mwingine hazionekani

Pointi za zawadi ni hesabu ambayo kampuni yenye gemu inakuandikia kila unapofanya jambo inalotaka ulifanye: kuingia kila siku, kumaliza mechi, kutimiza kazi za wiki, au kununua kitu kwa hela yako. Hesabu ikifika kiwango fulani unaikomboa, yaani unaibadilisha na kitu. Kinaweza kuwa mchezaji mpya, mavazi ya mhusika wako, punguzo la bei au nafasi ya kucheza bahati nasibu ndani ya gemu. Mpaka hapo hakuna kigumu. Kigumu ni pale gemu yenyewe inapokuwa na hitilafu: inaganda, inajizima, inahesabu goli halafu inalisahau.

Pita mabanda ya gemu ya Majengo au Chang'ombe hapa Dodoma, au vyumba vya wanafunzi vinavyoizunguka UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), utasikia malalamiko mawili yakijirudia. La kwanza: nimeshinda, pointi hazijaingia. La pili, ambalo linauma zaidi: nimekomboa, pointi zimekatwa, nilichokomboa sijakiona. Yote mawili yana chanzo kimoja. Namba unayoiona kwenye skrini siyo pointi zako. Pointi zako ni mstari ulioandikwa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya kampuni, pengine bara jingine kabisa, na skrini inakuonyesha nakala tu, ambayo inaweza kuwa ya dakika kumi zilizopita. Hitilafu nyingi za pointi ni skrini na seva kutokubaliana, na wakibishana seva ndiyo inayoshinda.

Anayetumia pesa kwa simu anaijua hali hii. Ukitoa laini ukaiweka kwenye simu nyingine, hela bado ipo, kwa sababu haikuwahi kukaa ndani ya simu. Lakini kufanana kunaishia hapo. Hela ya kwenye simu ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, ina Benki Kuu inayosimamia, na fedha za wateja hutakiwa kuwekwa kwenye akaunti za amana benki. Pointi za gemu hazina kinga kama hiyo. Yale masharti marefu tunayoyapitisha kwa kubonyeza "Nakubali" kwa kawaida yanasema pointi si mali yako, hazina thamani ya fedha, haziuzwi, na kampuni inaweza kuzibadilisha au kuzifuta. Ni sharti baya kwa mchezaji, na sidhani kama wengi wangelikubali wakisomewa kwa sauti.

Halafu si kila namba inayong'aa pale juu ni pointi za zawadi. Chukua eFootball, gemu ya mpira wa miguu ya kampuni ya Konami, ambayo vijana wengi wanayo kwenye simu. Kuna GP, unazozichuma kwa kucheza. Kuna sarafu, ambazo watu hununua kwa fedha halisi japo chache hutolewa bure. Kisha kuna pointi za eFootball zenyewe, zinazotokana na kushiriki na zenye duka lake. Mtu akikuambia "nina elfu ishirini" muulize elfu ishirini za nini, maana moja haikombolewi kwenye duka la nyingine. Kwingine mpango ni tofauti tena. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa mfano, lilianzisha duka la pointi mwaka 2020, ambapo kila dola moja unayotumia inakupa pointi 100. Ukirudisha gemu ili urudishiwe hela, pointi ulizopewa kwa manunuzi hayo nazo zinaondolewa.

Sasa turudi kwenye mechi uliyoshinda. Filimbi ya mwisho ikilia, simu yako inatuma ujumbe kwa seva: akaunti fulani, mechi fulani, matokeo haya. Seva inahakiki, inaandika, inajibu. Safari hiyo ni ya sekunde moja au mbili, na bando likiisha ndani ya sekunde hizo, au treni ya SGR ikiingia kwenye handaki kule milima ya Kilosa, ujumbe haufiki. Skrini inaweza kuwa imeshakupongeza, kwa sababu pongezi zimehifadhiwa ndani ya simu na hazihitaji mtandao. Gemu iliyotengenezwa kwa uangalifu inautunza ujumbe na kuutuma tena mtandao ukirudi. Iliyotengenezwa haraka haraka inautupa.

Kwenye kukomboa kuna mambo mawili yanayopaswa kutokea pamoja: pointi zikatwe, zawadi iandikwe. Utaratibu sahihi ni kwamba ama yatokee yote mawili ama lisitokee hata moja. Programu ikiandikwa vibaya, la kwanza linakamilika, seva inakwama, na la pili linabaki hewani. Hapo ndipo mchezaji anapofanya jambo linaloharibu zaidi: anabonyeza tena. Seva nzuri hulitambua kila ombi kwa namba yake ya pekee, ombi likirudi na namba ile ile inalipuuza. Seva mbovu inaona wanunuzi wawili na kukata mara mbili. Kile kiduara kikizunguka muda mrefu, acha. Funga gemu kabisa, subiri kidogo, ifungue upya ili salio lisomwe kutoka kwenye seva. Mara nyingi utakuta zawadi imo kwenye kisanduku cha ujumbe na hakukuwa na tatizo lolote.

Kuna lawama nyingine ambayo gemu inasingiziwa bure. Gemu nyingi hufuata saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Siku mpya ya seva kama hiyo inaanza saa tisa usiku kwetu, siyo saa sita. Kijana anakesha mpaka saa sita na dakika tano, anafungua gemu kuchukua zawadi ya siku mpya, anakuta imeshachukuliwa, anasema amedhulumiwa. Seva bado iko jana. Wapo wanaojaribu kusogeza mbele saa ya simu ili kuharakisha. Seva haiangalii saa ya simu yako, na baadhi ya gemu zikigundua mchezo huo hufunga zawadi zako kwa muda.

Hitilafu za kampuni kubwa zinaonyesha kwamba hata pesa nyingi hazizuii haya. Kampuni ya Ubisoft ilipotoa Assassin's Creed Unity mwezi Novemba 2014, gemu iliyowekwa Paris ya wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, watu walicheka zaidi zile nyuso zilizokosa ngozi, zikabaki macho na meno. Lakini kwa mada yetu kilichovutia ni masanduku. Ndani ya mji huo kulikuwa na masanduku ya zawadi ambayo hayakufunguka kwa kucheza tu. Mengine yalihitaji programu ya pembeni kwenye simu, mengine yalihitaji mpango wa uanachama wa mtandaoni. Programu na mpango huo navyo vikawa vinagoma, hivyo mchezaji amesimama mbele ya sanduku, amefanya kila alichoagizwa, na halifunguki. Baadaye kampuni ilikata mafungamano hayo kwa marekebisho, na ikatoa nyongeza ya gemu bure kama kifuta machozi. Kila unapounganisha zawadi na mfumo wa tatu au wa nne, unaongeza mahali pa kukatikia.

Hitilafu pia huweza kukupendelea. Programu nyingi huandika namba katika nafasi ya biti 32 (tarakimu 32 za sifuri na moja), na namba kubwa kabisa inayoingia humo, ikiwa na alama ya jumlisha au toa, ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja tu juu yake, hesabu inageuka au inaanza upya. Mwezi Mei 2013 jambo la aina hii liliikumba Diablo III, gemu ya kampuni ya Blizzard: baada ya apdeti (toleo jipya la marekebisho) iliyoruhusu dhahabu ya ndani ya gemu kuuzwa kwa mafungu makubwa zaidi, mtu aliyeweka sokoni kiasi kikubwa mno alikatwa kidogo kuliko alichoweka, kisha akifuta tangazo anarudishiwa chote. Dhahabu ikamwagika. Blizzard ilifunga soko, haikuirudisha gemu nzima nyuma, bali iliwaandama waliotumia mwanya huo, ikawanyang'anya, na mapato yake ikayapeleka kwenye hisani. Kwa hiyo rafiki akikwambia kuna njia ya kukomboa zawadi ile ile mara kumi, ujue kila mara hizo kumi zimeandikwa mahali, pamoja na jina la akaunti yako.

Kuna swali la kulimbikiza. Wengi huweka pointi wakingoja kitu kikubwa. Kwenye gemu tulivu sawa, japo nako kuna tarehe za kuisha: Pointi za Platinum za kampuni ya gemu ya Nintendo, kwa mfano, hufa baada ya miezi sita. Kwenye gemu inayoyumba mimi siungi mkono kabisa. Gemu mbovu hurekebishwa kwa apdeti kubwa, na apdeti kubwa ndiyo hubadilisha bei za duka, hufuta aina ya pointi, huleta mfumo mpya. eFootball yenyewe ilizinduliwa Septemba 30, 2021 ikiwa na kasoro kiasi cha Konami kuomba radhi, na ikaingia kwenye simu Juni 2022 ikichukua nafasi ya PES 2021, gemu yao ya mpira iliyotangulia. Kilichotangulia hakikuhama chote kama kilivyokuwa. Komboa kidogo kidogo, na ukikomboa fanya hivyo ukiwa na mtandao ulionyooka, betri imejaa, na siyo dakika ile apdeti imetoka, maana muda huo seva huwa zimefurika.

Pointi zikipotea kweli, andikia huduma kwa wateja ndani ya gemu yenyewe, usimfuate mtu wa mtandaoni anayeahidi kuzirudisha ukimpa neno la siri. Wanachohitaji ni namba ya akaunti yako, siyo jina la utani, picha ya skrini inayoonyesha salio, kitu ulichokuwa ukikomboa, na saa. Kwenye saa tunakosea kirahisi. Ukiwaandikia tukio lilitokea saa mbili, wataitafuta kumbukumbu ya saa 2:00 na hawataona kitu. Saa mbili usiku ya Dodoma waandikie 17:00 UTC.